Kuandika na Kusimulia Hadithi za Kutisha Ukiwa Lubumbashi

Wadogo zangu wanaoandika huniuliza zaidi kuhusu mizimu: awe na sura gani, atokee ukurasa wa ngapi. Naona kuna maswali ya kutangulia. Utarekodi wapi mvua ikinyesha? Msikilizaji atapata sehemu inayofuata siku gani? Akikuandikia usiku wa manane kwamba ameota shangazi yake anamroga, utamjibu nini? Kazi hii ina pande nyingi, na katika zote nafuata kanuni moja: kitu pekee kinachopaswa kumshtua msikilizaji ni hadithi yenyewe. Siku, sauti, bei, ahadi na majibu ayakute yametulia.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Kamalondo, naandika kwa Kiswahili na kuzisoma hadithi zangu kwenye podikasti. Wasikilizaji wananiita Yaya, yaani ndugu mkubwa. Ninayoeleza hapa yanamfaa mtu mwenye simu moja nzuri, kompyuta ya zamani, umeme wa kwenda na kurudi, na kazi nyingine inayolipa kodi ya nyumba.

Pa kuchota hadithi

Usiende mbali. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, ukaitwa Élisabethville hadi 1966, na tangu enzi za wakoloni watu wake wamesimuliana habari za batumbula, wale wanaotembea usiku kukamata wapita njia na kuwapeleka kwa wazungu wakaliwe. Wanahistoria wamezichunguza habari hizo kwa makini, na wana haki. Waliosimuliana walikuwa wafanyakazi wa migodi, wa viwanda na wa majumbani, watu walioona kila siku jinsi kazi inavyomla mtu. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, waligoma, na askari wakawafyatulia risasi papa hapa mjini. Ukiyaweka mambo hayo mawili karibu, utaona kwa nini hadithi ya mtu anayemezwa na usiku haikuhitaji pembe wala mkia. Kila unapochukua hadithi ya zamani, tafuta kwanza nani alikuwa akiogopa na sababu yake ilikuwa ipi. Ukiipata sababu, umbo la kiumbe litakuja lenyewe.

Kuna pia mamba muntu. Miaka ya 1970 wachoraji wa hapa walimchora tena na tena, nusu mwanamke nusu samaki, na picha zake zikatundikwa sebuleni katika nyumba za kawaida. Humpa mwanamume utajiri kwa sharti la siri na utii. Angalia vizuri hadithi hiyo ilivyojengwa: kuna sharti, kuna faida tamu inayolifanya sharti lionekane jepesi, halafu inakuja siku ambayo mtu mwema kabisa, kwa sababu inayoeleweka, analivunja. Sharti ndilo linaloisukuma hadithi. Ukiandika kiumbe kisicho na sharti, msomaji ataogopa ukurasa mmoja tu, kisha atazoea.

Kwa hiyo ukikaa na wazee, usiwaombe hadithi ya kutisha. Wataguna, au watakupa ile ambayo kila mtu anaijua. Waulize walikatazwa nini walipokuwa watoto. Saa ngapi hawakuruhusiwa kuchota maji? Mlango upi haukufunguliwa baada ya taa kuwashwa? Mzee mmoja wa Katuba aliniambia, huku akikoroga chai yake bila haraka: “Usiku ukisikia banakuita mara moja tu, usiitike. Ngoja mara ya pili.” Nilimuuliza anayeita mara moja ni nani. Akanitazama, akabadilisha mazungumzo. Hapo nilikuwa nimeshapata hadithi nzima, na sikumsumbua tena.

Sasa mpaka, na hapa nitasimama kwa muda. Katika nchi yetu kuna watoto wanaoitwa wachawi, wakapigwa, wakafukuzwa nyumbani, wakalala sokoni. Katiba ya 2006, ibara ya 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya Januari 2009 ya kumlinda mtoto inaweka adhabu kwa anayefanya hivyo. Lakini sheria haifiki kila ua, hadithi inafika. Mtu anayesikiliza sauti yako jikoni anaweza kuwa ndani ya mgogoro huohuo wiki hiyohiyo, na mtoto wa dada yake akiwa anasinzia pembeni. Kwa hiyo mimi sitaandika kamwe mtoto mchawi, hata mhariri akisema ndiyo inayouza. Mtoto akishukiwa katika hadithi yangu, msikilizaji atakaa upande wa mtoto tangu mstari wa kwanza, naye ataona wakubwa wanavyogeuka mmoja baada ya mwingine: baba, halafu jirani, halafu yule mchungaji mpole. Niamini, hakuna pepo anayetisha kuliko meza ya chakula ambayo sahani moja imeacha kupangwa.

Vivyo hivyo kwa vifo vya kweli. Ajali yoyote ya barabara ya Likasi ina wafiwa, nao wana simu. Vita vya mashariki vina wafiwa wengi zaidi, na wengine wamehamia mtaa wako. Chukua hofu, uache maiti. Badili mahali, badili kazi ya mtu, badili jinsi alivyokufa, mpaka mfiwa akisikia asipate ndugu yake ndani.

Saa za kazi

Andika asubuhi au mchana, usome usiku. Najua wengi wanafanya kinyume. Ukiandika usiku, taa imezimika na mbwa wa jirani wanabweka, kila sentensi inakutisha wewe mwandishi, na huwezi kujua kama ni maneno au ni giza. Ukurasa unaokusisimua saa sita mchana, mama wa nje anauza vitumbua na jua linawaka, huo una nguvu zake mwenyewe.

Mimi huandika rasimu ya kwanza kwa kalamu kwenye daftari la shule, maana daftari halisubiri umeme. Umeme ukirudi nachapa. Maandishi yakae sehemu tatu: kwenye kompyuta, kwenye fleshi inayolala nje ya mkoba wako, na kwenye barua pepe uliyojitumia mwenyewe. Faili la maneno matupu ni dogo sana, linapita hata mtandao ukiwa dhaifu.

Halafu tafuta mtu wa kumsomea, na asiwe mwandishi. Ninaye jirani ambaye husikiliza huku akichambua sombe, majani ya muhogo. Simuulizi kama hadithi ni nzuri, kwa sababu atasema nzuri, ni jirani. Naangalia mikono yake. Mikono ikiendelea kuchambua, sehemu hiyo ni ndefu au haina kitu. Ikisimama na jani likabaki hewani, naweka alama pembeni. Baadaye naondoa nusu ya maneno yaliyo kati ya alama moja na nyingine.

Kurekodi

Hapa kwetu kalenda ya podikasti inapangwa na bati. Mvua huanza kushika Novemba na kuendelea hadi Aprili, na mvua juu ya bati hakuna programu ya kuiondoa. Rekodi nyingi kati ya Mei na Oktoba, uwe na akiba ya kutosha kupita masika. Juni na Julai usiku una baridi kali, lakini ni mtulivu. Vaa koti la sufu, lisiwe la nailoni, kwa sababu nailoni inasikika kila ukipumua. Usiku wa mkesha wa maombi sahau kabisa, vipaza sauti vya kanisa vitaingia hata ukiwa ndani ya kabati. Saa nzuri ni alfajiri kabla ya pikipiki za kwanza.

Chumba kikiwa kitupu sauti inagonga ukuta na kurudi. Simamisha godoro nyuma yako, fungua mlango wa kabati lenye nguo mbele yako, weka simu kwenye mrundo wa vitabu umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, kidogo pembeni ili pumzi ya “p” na “b” isiipige moja kwa moja. Zima friji. Washa hali ya ndege ili simu isiite katikati ya mzimu. Kabla hujasoma neno, rekodi dakika nzima ya chumba kikiwa kimya. Kimya hicho utakihitaji kuziba pale ulipokata kikohozi, kwa sababu kimya tupu cha kompyuta kinasikika kama shimo. Programu ya Audacity ni ya bure na inafanya yote haya kwenye kompyuta ya zamani.

Kuhusu vishindo, kelele na vicheko vya kununua: viache. Vinafanana dunia nzima. Rekodi mbabula, jiko la makaa, ikipasukapasuka, geti la chuma likikwaruza sakafu, ndoo ikiburutwa uani, mtu akipiga hodi mara mbili badala ya tatu. Msikilizaji wa Kenya au Kampemba, mitaa ya hapa mjini, akisikia geti linalofanana na la kwao, atatazama geti la kwao. Na usiweke sauti hizo nyingi. Katika hadithi ya dakika ishirini, mbili au tatu zinatosha.

Ukubwa wa faili ni suala la heshima. Watu wananunua mega kwa siku. Sauti ya mtu mmoja akisoma haihitaji stereo. Hifadhi kwa mono, kilobiti 64 kwa sekunde, na dakika ishirini zitakuwa na uzito wa megabaiti kumi hivi. Ukiacha kilobiti 128 ambazo programu nyingi huchagua zenyewe, unamlipisha msikilizaji mara mbili kwa kitu ambacho sikio lake halikioni. Weka faili kuu mahali podikasti inapohifadhiwa, na nakala hiyohiyo nyepesi itume WhatsApp, kwa sababu huko ndiko wengi wa hapa watakakoisikia, wakitumiana kutoka simu hadi simu. Jina la hadithi, namba ya sehemu na jina lako vitamkwe mwanzoni kwa mdomo wako. Faili likishatumwa mara kadhaa, maandishi yaliyoambatana nalo huwa yamebaki njiani.

Ukialikwa kwenye podikasti ya mwingine, awe Dar es Salaam au Brussels, pendekeza kila mmoja arekodi upande wake kwenye simu yake wakati mnaongea. Pigeni makofi mara moja mwanzoni ili mwenyeji aweze kuoanisha faili mbili baadaye. Mtandao ukikatika mara kumi, rekodi yako itabaki safi. Uliza mapema kama kuna picha au ni sauti tu, maana picha inakula mega na betri. Andaa kipande cha dakika mbili cha kusoma kinachosimama chenyewe, kinachokatika pabaya. Mwenyeji atakushukuru, na wasikilizaji wake watakufuata kwa ajili ya kipande hicho kuliko kwa majibu yako yote.

Muda utaje kwa tarakimu na kwa miji. Saa 20:00 Lubumbashi ni saa 19:00 Kinshasa na saa 21:00 Nairobi. Wazungu husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, sisi hatusogezi: mkutano wa saa 14:00 New York utakukuta saa 20:00 wakati wa kiangazi chao na saa 21:00 wakati wa baridi yao.

Habari kwa wanaokufuata

Mara moja kwa mwezi, siku ileile. Mimi ni Jumapili ya kwanza, jioni, watu wamemaliza bukari, yaani ugali, na wanapumzika. Eleza kilichokamilika, kinachofuata, na pa kukipata. Kisha uliza swali moja dogo ambalo mtu anaweza kulijibu bila kufikiri sana: nyumbani kwenu mlikatazwa kupiga mluzi usiku? Majibu yanayokuja ni hazina, na ukitumia jibu la mtu, muombe ruhusa.

Usitaje tarehe ya kitabu ambacho hakijaisha. Sema “rasimu ya kwanza imekwisha” au “mhariri anayo”, hayo ni mambo yaliyokwishatokea. Watu watakusukuma. “Yaya, sehemu ingine inakuya lini?” Jibu kwa upole kwamba siku utakayoitaja ndiyo itakayokuwa, kwa hiyo huitaji bado. Wanakubali. Wanakubali zaidi ya wanavyokubali tarehe iliyosogezwa.

Kila sehemu itanguliwe na onyo fupi kama ina kifo cha mtoto, ubakaji, vita au mtu kuzama. Wapo wanaosema onyo linaharibu hofu. Mimi nina wasikilizaji waliokimbia Kivu wakiwa na watoto mgongoni, na nataka wachague wenyewe usiku gani wanaweza. Hadithi nzuri haiharibiki kwa sentensi moja ya tahadhari.

Upande wa vyombo: orodha ya matangazo ya WhatsApp huchukua watu 256, na ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako, hivyo mwambie aihifadhi siku anapojiunga. Kundi linaonyesha namba za wote kwa wote. Kwa hadithi za usiku, zenye wasikilizaji wanawake wengi, silipendi kundi. Kuna mtu ataanza kuwapigia. Chaneli, zilizokuja mwaka 2023, huficha namba za wafuasi, na ndizo ninazotumia sasa. Uwe na laini ya pili kwa kazi hii. Na majina ya wanaokufuata, pamoja na jinsi ya kuwapata, yaandike pia kwenye daftari, kwa sababu akaunti inaweza kufungwa asubuhi moja bila mtu wa kumuuliza.

Tumefika kwenye ujumbe wa usiku wa manane. Utakuja. Mtu atakuambia hadithi yako imemfungua macho, sasa anajua nani nyumbani kwao anayemla. Usicheke, usikae kimya, wala usimpe dawa. Mimi humwandikia hivi: hadithi hii niliitunga mimi, mtu huyo katika hadithi hayupo, na ndoto yako inaonyesha kwamba unaogopa, haionyeshi kwamba shangazi ana hatia. Namuuliza anaumwa nini, au nani amefariki, maana karibu daima kuna ugonjwa, msiba au deni nyuma yake. Namsihi aende hospitali kama ni ugonjwa. Kama kuna mtoto anayetajwa, nauliza mtoto yuko wapi usiku huo, na simuachi mpaka anijibu.

Mikutano

Wenzetu wa Marekani wana StokerCon, mkutano wa chama cha waandishi wa kutisha, Horror Writers Association, ulioanza mwaka 2016 huko Las Vegas na ambako hutolewa tuzo za Bram Stoker. Kwa Afrika kuna tuzo za Nommo, za African Speculative Fiction Society, chama cha waandishi wa hadithi za ajabu na za kisayansi, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2017. Na kwa lugha yetu kuna Tuzo ya Safal-Cornell ya Fasihi ya Kiswahili, iliyoanza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell. Inapokea hata miswada ambayo haijachapishwa, kwa hiyo mtu wa Lubumbashi asiye na mchapishaji anaweza kupeleka. Zifuatilie tarehe zao na uweke alama kwenye kalenda.

Kwenda kimwili ni ghali. Balozi nyingi ziko Kinshasa, kwa hiyo nauli ya ndege ya ndani inakuja kabla ya viza yenyewe. Barua ya mwaliko iombe mapema, iwe na majina yako kama yalivyo kwenye pasipoti, na kadi ya njano ya chanjo usiisahau. Lusaka inafikika kwa barabara kupitia Kasumbalesa. Na hapa nyumbani kuna Biennale, maonyesho ya sanaa ya kila baada ya miaka miwili, tangu 2008, kuna ukumbi wa utamaduni wa Halle de l'Étoile, kuna shule. Msiidharau shule: ukumbi wa wanafunzi wa miaka miwili ya mwisho ya sekondari ndio wasikilizaji wakali kuliko wote. Ukiandaa usiku wa kusimulia wewe mwenyewe, uishe mapema. Watu wakishaogopa hawataki kutafuta usafiri gizani, na mwanamke akifika nyumbani salama atarudi mwezi ujao.

Kwenye meza ya majadiliano mtakuwa wanne au watano na chini ya saa moja. Una dakika kumi hivi za kweli. Soma kazi za wenzako wa mezani kabla, taja jina la kitabu chako mara moja, na jibu kwa tukio kuliko kwa nadharia. Swali “unaamini uchawi?” litaulizwa, kila mara, kila mahali. Liwe na jibu ulilolifikiria nyumbani. Langu ni kwamba naandika kuhusu watu wanaoogopa, nawaheshimu, na sitamtaja mtu yeyote aliye hai kuwa chanzo cha hofu yao.

Mezani pa kuuzia, bei iandikwe kwa faranga na kwa dola, kwenye karatasi inayosomeka kwa mbali. Kubali M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, na namba ziandikwe kubwa. Chenji ya faranga ibebe kutoka nyumbani. Noti ya dola yenye mchaniko hata mdogo irudishe palepale kwa adabu, kwa sababu hutapata pa kuitumia. Ukisafiri, pima: kitabu chenye kurasa mia mbili kina uzito wa robo kilo hivi, kwa hiyo arobaini ni kilo kumi, karibu nusu ya begi la kilo 23.

Weka daftari mezani. Anayetaka kitabu na hana pesa siku hiyo aandike jina, namba, na kitabu alichokitaka. Ndani ya siku mbili baada ya mkutano, tuma ujumbe kwa kila uliyezungumza naye, ukimkumbusha mlichoongea. Wale wa daftari waandikie tena siku vitabu vipya vinapotoka kwa mpiga chapa, kabla hujatangaza kwa wengine, na uwawekee nakala zao kando kwa wiki mbili.